Amri ya Nne Haikuandikwa kwa Watoto Wadogo Peke Yao





Mwezi wa Desemba huku kwetu mlimani una sura yake. Kuanzia katikati ya mwezi barabara itokayo Dar es Salaam kuja Moshi hujaa magari, na vijiji vya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, ambavyo kwa miezi kumi na mmoja vilikuwa vya wazee na wajukuu, hupata tena sauti za watu wazima wenye nguvu. Watoto wamerudi. Mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, makaburi yanafyekewa nyasi, vikao vya ukoo vinaitishwa. Nalo Kanisa, kana kwamba lilituwazia sisi, limeweka Dominika ya Familia Takatifu papo hapo, ndani ya Oktava ya Noeli. Sikukuu hiyo Papa Benedikto XV aliieneza kwa Kanisa zima mwaka 1921, ila wakati huo iliadhimishwa Januari. Ililetwa karibu na Noeli katika marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969. Basi naandika mapema, kabla hamjafungasha mizigo, kwa sababu nikingoja hadi Dominika yenyewe wengi mtakuwa mmekwisha kugombana.

Wengi wetu tulijifunza Amri ya Nne tukiwa katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Kwa sababu hiyo imebaki akilini mwetu kuwa ni amri ya watoto: usimjibu mama, nenda ukachote maji, mwamkie mgeni. Mtu akishapata mshahara wake wa kwanza hujiona amehitimu. Lakini tujiulize, pale chini ya mlima Sinai Musa alikuwa akisema na nani? Umati ule ule ulioambiwa usizini, usishuhudie uongo, usitamani nyumba ya jirani yako wala ng'ombe wake, ndio ulioambiwa kuwaheshimu baba na mama. Hao ni watu wenye wake, wenye waume, wenye mifugo na mashauri. Wazazi wao ndio waliokuwa wakichechemea nyuma ya msafara jangwani. Kwa mantiki hiyo amri hii iliwalenga kwanza watu wa umri wa hao wanaokuja Desemba na magari yao.

Neno la Kiebrania lililotumika hapo linatokana na mzizi wenye maana ya uzito. Kumheshimu mzazi ni kumpa uzito. Nami naona hekima kubwa katika neno hilo, kwa maana mtu akizeeka hupungua uzito machoni pa watu. Hadithi yake inakatwa katikati, shauri lake linapokewa kwa tabasamu na kuachwa pale pale. Anaulizwa anataka kula nini, haulizwi shamba liuzwe au lisiuzwe. Yoshua bin Sira, ambaye maneno yake husomwa katika Dominika hiyo ya Familia Takatifu, alilijua jambo hili: katika sura ya tatu anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zake zikipungua, wala asimdharau kwa kuwa yeye mwenyewe bado yuko katika nguvu zake zote. Na msidhani uzito huo ni wa baba peke yake. Kitabu cha Kutoka kinamtaja baba kwanza, lakini kitabu cha Walawi, katika sura ya kumi na tisa, kinamtaja mama kwanza. Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliona katika mpangilio huo kwamba wote wawili wanastahili sawa.

Sasa piteni katika vihamba vyetu mwezi wa Machi. Mtaona nyumba nzuri, bati la rangi, madirisha ya vioo, geti la chuma, nayo imefungwa kwa kufuli. Hatua ishirini pembeni yake iko nyumba ya zamani, na hiyo ndiyo inayotoa moshi. Humo analala mama. Nyumba kubwa ni ya watoto wakija, na ufunguo uko mjini. Sisemi kwamba kila boma liko hivyo. Wako pia akina mama wanaokataa wenyewe kuhama, kwa kuwa ng'ombe wao na jiko lao viko upande ule. Lakini mara nyingi nikiuliza, naambiwa kwamba mama hakuulizwa. Desturi yetu ilimwachia kitinda mimba nyumba ya baba na mama, na pamoja na nyumba ilimwachia wazee wenyewe. Urithi na wajibu vilikaa chini ya paa moja. Siku hizi kitinda mimba naye yuko mjini. Urithi anaushikilia, wajibu amemwachia msichana wa kazi.

Mtanijibu kwamba mnatuma fedha. Naam, mnatuma, na Mungu awabariki. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, mzee hangoji tena bahasha iliyokabidhiwa kondakta wa basi, na wapo wagonjwa walio hai leo kwa sababu fedha za dawa zilifika usiku ule ule. Ila bahasha ya zamani ilikuwa na jambo moja ambalo simu haina. Ililetwa na mtu. Mtu yule aliketi, akanywa chai, akaona kwamba paa linavuja na kwamba baba amekonda, akarudi mjini na habari. Fedha za simu hufika bila macho. Mama akiulizwa kwenye simu hali yake atasema ni nzuri, maana mama gani wa Kichaga atamwambia mwanawe anayepambana na maisha kwamba hali si nzuri?

Hapa nina neno gumu kidogo, na kamati ya ujenzi wa kanisa inisamehe. Katika Injili ya Marko, sura ya saba, Bwana wetu anawakemea Mafarisayo kwa desturi iliyoitwa Korbani. Mtu aliweza kutangaza kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wake imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa tangazo hilo akawa amefunguliwa asiwatendee tena lolote. Yesu anasema wazi kwamba kwa namna hiyo wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Tunayo Korbani yetu. Yupo muumini ambaye jina lake husomwa kwa sauti katika kila harambee, mifuko ya saruji kadhaa, bati kadhaa, na watu wanapiga makofi, huku mama yake akikopa sukari dukani. Kama paroko ninayelitazama paa la kigango likingoja bati, nasema bila kusita: mpelekee kwanza mama. Zaka italetwa na wengine. Mungu hajapata kuhitaji bati lililotoka mdomoni mwa mjane, na sioni kwa nini aanze parokiani kwetu.

Sasa niwageukie wazazi, ambao hadi hapa naamini mmekuwa mkitikisa vichwa kwa kuridhika. Naomba msikunje karatasi bado.

Mtume Paulo, katika barua kwa Wakolosai, sura ya tatu, anawaagiza watoto wawatii wazazi wao. Halafu papo hapo anawageukia akina baba na kuwakataza wasiwachokoze watoto wao, wasije wakavunjika moyo. Waefeso nao wanaambiwa hivyo hivyo katika sura ya sita. Tumezoea kuyasikia maneno haya kama mizani ya kawaida, huku na huku, lakini kwa watu wa wakati ule upande mmoja tu ndio uliokuwa wa kawaida. Sheria ya Kirumi ilimpa baba mamlaka makubwa juu ya wanawe, hata ya uhai na kifo, nayo hayakukoma mtoto alipokuwa mtu mzima. Yalidumu maadamu baba yu hai. Katika dunia kama hiyo hakuna aliyehitaji mtume wa kumwambia mtoto atii. Kilichokuwa kipya ni kumwambia baba kwamba naye ana la kujibu. Na sababu anayoitoa Paulo inatoka moyoni mwa mtoto: asivunjike moyo. Mtume ameinama, ametazama jambo hilo kutoka kimo cha mtoto.

Tunawavunja moyo kwa njia nyingi ambazo hatuziiti dhambi na kwa hiyo hatuziungami. Matokeo ya mtihani ya binti yanasomwa mbele ya wageni. Kijana analinganishwa kila siku na mtoto wa jirani, mpaka anamchukia jirani ambaye hajamkosea. Siri aliyomweleza mama jikoni anaikuta kesho yake kwenye Jumuiya, imegeuzwa nia ya sala.

Liko pia suala la wito. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2230, inafundisha kwamba watoto wakiwa watu wazima wana haki na wajibu wa kuchagua kazi yao na hali yao ya maisha, na kwamba wazazi wajihadhari wasiwashurutishe, wala katika kazi wala katika kumchagua mchumba, ingawa wanaweza na wanapaswa kuwashauri. Mtakatifu Thoma wa Akwino alipotaka kujiunga na Wadominiko, watawa ombaomba wasio na mali, familia yake ilikuwa imemkusudia makuu zaidi katika abasia ya Monte Cassino. Mwaka 1244 kaka zake walimkamata njiani, akafungiwa katika ngome ya ukoo kwa muda wa kama mwaka mmoja. Leo hatufungi watoto ngomeni. Tunawaambia kwamba tumeuza ng'ombe kwa ajili ya karo yao, basi watasomea tunachotaka. Na niseme la upande wa pili, maana mapadre hatulisemi sana: yuko pia kijana anayesukumwa seminarini kwa sababu mama aliweka nadhiri alipokuwa mjamzito. Nadhiri ya mama inamfunga mama. Kanisa halihitaji padre aliyeletwa na woga wa kumwaibisha mzazi wake, na waamini watakaomlipia gharama ya woga huo ni ninyi.

Silaha nzito kuliko zote ni laana. Naijua nguvu yake katika nyumba zetu. Mzee akishatamka kwamba nisipopewa hiki hutaona mema, au mama akishayataja maziwa aliyomnyonyesha mwanawe, mtu mwenye shahada mbili hukosa usingizi. Wazazi wengine hunitolea Yoshua bin Sira yule yule, sura ile ile ya tatu, aya ya tisa, panaposemwa kwamba baraka ya baba huimarisha nyumba za watoto, na laana ya mama hung'oa misingi yake. Siwezi kuikwepa aya hiyo; imo katika Biblia, na anayeicheka neno la mzazi wake huicheka kwa hasara yake. Lakini tazameni inamsemesha nani. Sura nzima inamsemesha mwana, inamwonya ajue kwamba neno la mzazi lina uzito. Haimsemeshi mzazi na kumkabidhi rungu. Mzazi Mkristo ana agizo lake kwingine: Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya sita, anatuamuru kuwabariki hata wanaotulaani, na Paulo anarudia kwa Waroma kwamba tubariki wala tusilaani. Ikiwa adui yako unapaswa kumbariki, huyu uliyemzaa umlaani kwa sababu ameoa kabila lingine, au kwa sababu hakuleta fedha za kuezekea banda? Mungu si tarishi wa hasira zetu. Kijana anayetishwa hivyo pasipo kosa asali, aendelee kumtunza mzazi wake, na alale usingizi.

Injili ya Luka inatupa picha moja ninayopenda kuirudia. Mtoto Yesu, mwenye miaka kumi na miwili, amebaki Yerusalemu bila kuaga. Wazazi wametembea mwendo wa siku nzima, wamegundua hayupo, wamerudi, na wamempata siku ya tatu. Mzazi yeyote aliyewahi kupotelewa na mtoto, hata kwa saa moja sokoni Mbuyuni, anajua mkono unavyowasha wakati ule. Maria anafanya nini? Anauliza. Anasema uchungu wake waziwazi, yeye na baba yake walivyomtafuta kwa huzuni, halafu anataka kujua kwa nini. Jibu analopewa hawalielewi, Luka hafichi hilo, na bado Maria analiweka moyoni. Halijibu kwa kofi wala halipuuzi kama maneno ya kitoto. Kisha Yesu, aliye Mungu, anashuka nao Nazareti na kuendelea kuwatii. Ninyi vijana mnaopenda kunikumbusha kwamba Yesu aliwajibu wazazi wake, msisahau kusoma hadi aya ya hamsini na moja.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya tatu ya Kanuni yake, anamtaka abate aite watawa wote kwenye shauri kila panapokuwa na jambo zito, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Uamuzi unabaki wa abate. Lakini mdogo amesikilizwa. Hata sheria ya nchi yetu imefika hapo hapo kwa njia yake: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na sheria hiyo hiyo inamtwika wajibu wa kuwaheshimu wazazi, walezi na wazee. Wanaosema kwamba haki za watoto zimeharibu adabu wangeisoma yote.

Hayati Papa Fransisko alirudia mara nyingi kwamba familia inahitaji maneno matatu: tafadhali, asante na samahani. Huku kwetu maneno hayo hupanda tu, hayateremki. Mtoto humwambia mzazi samahani. Mzazi akikosea hununua soda. Mtoto anaelewa, anainywa, lakini neno lenyewe halijasemwa. Katekisimu, namba 2223, inawaambia wazazi kwamba wakijua kukiri mapungufu yao mbele ya watoto wao watakuwa na uwezo zaidi wa kuwaongoza na kuwaonya. Nasi Wachaga tunayo alama yetu ya zamani, jani la sale, ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea kuomba radhi, na ni vigumu mno kumkatalia aliyekuja nalo. Tumezoea kuliona mikononi mwa mdogo akimwendea mkubwa. Sijui desturi gani ingevunjika kama mwaka huu baba mmoja angelichuma jani hilo kwenye mpaka wa kihamba chake na kumpelekea mwanawe aliyemfukuza nyumbani.

Hata hivyo yako mambo ambayo jani halitoshi. Mzazi au ndugu anayemdhuru mtoto mwilini, au anayemgusa kwa nia mbaya, hafichwi kwa jina la heshima. Katekisimu, namba 2217, inasema kwamba mtoto akisadiki katika dhamiri yake kuwa ni kosa kimaadili kutii amri fulani, asiitii. Wazee wa ukoo wanaomalizia mambo hayo kwa mbuzi na kumwambia binti anyamaze wanashiriki dhambi hiyo. Yako madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, iko simu ya bure ya watoto, namba 116, na mlango wangu uko wazi.

Nimalizie na swali nililoletewa na muumini mmoja, mtu mzima, ambaye baba yake aliwaacha wakiwa wadogo, akaenda kuishi na mwanamke mwingine, na sasa amerudi mgonjwa, anataka kutunzwa. Muumini huyu aliniuliza kama Amri ya Nne inamdai naye. Mama yake alivunja mawe ili wasome.

Nilimjibu kwamba inamdai, ila haimdai uongo. Halazimiki kusema mbele ya ukoo kwamba baba alikuwa mzazi mwema, wala kumpa chumba cha mama bila mama kukubali. Ana haki ya kumweleza baba yake, kwa sauti ya chini na mara moja, waliyoyapitia. Lakini chakula apelekewe, dawa zinunuliwe, na aamkiwe asubuhi kwa jina la baba. Akilini mwake alikuwa anangoja apende kwanza ndipo atende. Nikamwambia aanze na uji. Mama yake, nilipoongea naye baadaye, alisema blanketi moja analo la ziada.

Nawatakieni safari njema. Padre akihitajika kumpelekea mgonjwa Sakramenti wakati wa sikukuu, mwambieni katekista mapema, msingoje usiku wa Noeli.

Padre wenu, Paroko.